Mstari Mmoja Juu ya Nambari Nne

Matrah, Maskati
Shaabani, 1968

Da Zuhura wangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakusalimu wewe kwanza, maana wewe ndiye utakayeifungua barua hii, na najua utaifungua umenuna. Vipi mgongo wako? Vipi ngazi za hiyo nyumba ya Mombasa, bado zinakutoa roho kila ukienda sokoni? Na Mama je? Macho yake bado yanaziona herufi za msahafu mkubwa, au sasa anasoma kwa moyo tu? Mie huku mzima alhamdulillahi. Joto limeanza kupungua, mtu sasa anaweza kushika kitasa cha mlango bila ya kupiga ukelele. Nimekonda kidogo. Hilo usimwambie Mama.

Barua yako aliniletea mke wa Bwana Masoud alipofika na meli ya Bombay, yeye na makasha yake saba. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikacheka, ya tatu nikapumua. Umeniandikia: "Tia saini hiyo karatasi, Suleiman, Mama apate kuja. Nani atajua?" Khalafu ukaongeza kuwa mimi toka udogo wangu ni mshindani, na ushindani huo iko siku utanimaliza. Haya. Leo nakujibu, na nakujibu kwa urefu, kwa hivyo keti kitako uweke chai karibu.

Kosa la kwanza ni langu, nilikupa nusu ya khabari. Nilikwambia tu kuwa meneja anataka nitie saini karatasi isiyo ya kweli, na nikitia ataniandikia barua ya kumwombea Mama kibali cha kuingia Maskati. Sikukwambia karatasi yenyewe ina nini. Ungejua, usingeniandikia vile. Au pengine ungeniandikia vile vile, sijui, unavyompenda Mama.

Kazi yangu huku ni ile ile ya Unguja, simu ya upepo, ile ya kugonga, isiyo na waya. Kampuni yetu si kubwa. Ina malori, inapeleka maji na chakula kwa watu wanaopima na kuchimba jangwani. Njia ni siku mbili. Unapita Ghubra kwenye mitende, unapita Sib, khalafu unaiacha bahari na huoni tena kitu ila mawe. Chumba cha simu kipo Matrah, nyuma ya forodha, kina dirisha moja. Tunakaa watu wawili na visikilizio masikioni, na kila tunachopeleka na tunachopokea tunakiandika katika daftari: saa, dakika, maneno, na mwisho wa mstari unatia herufi za jina lako. Zangu ni S.K.

Daftari hilo lina sharti moja kubwa kuliko yote, nalo ni kuwa hapafutwi kitu. Ukikosea huchukui raba, huchani ukurasa. Unalikata kosa kwa mstari mmoja mwembamba, ili lenyewe liendelee kusomeka, juu yake unaandika ilivyo kweli, na pembeni unatia herufi zako na saa. Kama mwenzako naye alisikia, anatia zake. Nimefundishwa hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa na sijawahi kwenda kinyume hata siku moja.

Mkubwa wangu katika chumba hicho alikuwa Mzungu wa Australia. Jina lake refu na halikai mdomoni, kwa hivyo Matrah nzima inamwita Bwana Waya. Mtu wa miaka arubaini na kitu, anachechemea, matusi yake ni ya kila saa, lakini hamtukani mtu, anatukana mitambo. Sikio lake la kushoto halisikii hata mzinga. La kulia linasikia mpaka unachowaza. Huku sisi tuliotoka Unguja tunaitwa Zinjibari, na Kiarabu chetu kinachekwa sokoni, mpaka ukitaka vitunguu unapewa na kicheko juu. Yeye siku ya kwanza alinisikiliza nikipiga simu, akaniuliza nilijifunza wapi. Nikamwambia Unguja. Akasema, "Basi waliokufundisha walikuwa watu." Toka siku ile nikamweka moyoni.

Alikuwa na kopo la tumbaku anamoweka fyuzi na skrubu. Siku moja nimeingiza mkono kutafuta fyuzi nikatoa medali. Wallahi nilidhani ni kipande cha mtambo, nikamuuliza inakaa wapi. Akacheka mpaka akakohoa, khalafu akanieleza.

Katika vita vile vikubwa alipigana na Wajapani huko kisiwa cha Nyugini, katika jeshi la kwao, naye ana miaka ishirini na moja. Kazi yake ilikuwa waya za simu. Askari wako mbele juu ya mlima, mizinga yao iko nyuma bondeni, na kati yao upo waya mmoja tu, umelala katika msitu na matope. Mabomu yakianguka waya unakatika, na ukikatika, wa mbele hawawezi kuwaambia wa nyuma wapige wapi. Anatoka yeye. Anaushika waya katika kiganja, anaufuata hivyo hivyo anatambaa, mpaka unamwishia mkononi. Hapo sasa atapapase matope aitafute ncha ya pili. Siku ile alitoka mara tatu. Mara ya tatu chuma kilimpita mkono wa kushoto, akawa hana budi kuumenya waya kwa meno. Na kule nyuma wenziwe walikuwa na hamu ya kujua kama simu imepona, wakawa wanazungusha mkono wa simu kupiga kengele, na yeye waya umo kinywani. Kila wakipiga, umeme unamwingia menoni. Anasema Wajapani aliwasamehe zamani, lakini wale waliokuwa wakizungusha ule mkono, bado.

Simu ikapona. Watu wa mlimani wakapata kuiambia mizinga, wakanusurika waliokuwa wamezungukwa. Medali akapewa kwa siku hiyo. Nilipomwambia kuwa angeivaa hata siku ya Idi, alilifunga kopo akarudi kazini. Nikajua pana jambo.

Sasa njoo kwenye karatasi yangu.

Meneja wetu ni mtu aliyewahi kuwa jeshini na bado anataka aitwe Meja. Katikati ya joto, siku ambazo mawe yanapasuka, aliniletea ujumbe aliouandika kwa mkono wake: lori la maji liende kambi nambari tisa. Nikapiga tisa. Huko jangwani mpokezi wetu, anayeyaelekeza malori, ni Mbalushi mmoja aitwaye Dad Karim, mtu wa Gwadar, mpole, mwenye kupiga simu kwa utaratibu kama anayehesabu tasbihi. Kwa desturi yetu mpokezi lazima arejeshe nambari, ili pasiwe na shaka. Akarejesha tisa. Nikaandika, nikatia herufi zangu. Bwana Waya alikuwa ubavuni pangu na visikilizio vya pili.

Kambi nambari tisa ilikuwa tupu. Watu walikuwa wameshahamishwa nambari nne, na aliyewahamisha ni Meja mwenyewe, siku kumi kabla, akasahau. Lori likamwaga maji mahali hapana hata mbuzi. Nambari nne wakakaukiwa. Mpishi wao, Hamed, mtu wa Ibra, alitoka kwa miguu kwenda kutafuta kisima alichokijua utotoni. Walimkuta baada ya siku mbili. Mie ndiye niliyepokea simu ya kusema amekutwa, Da Zuhura. Mkono wangu uliandika wenyewe.

Jamaa za Hamed wakamwendea wali, ndiye liwali wa huku, naye akataka kujua nani aliyekosea. Meja akachukua ile karatasi yake ya mkono, ikapotea. Akauchana ukurasa wangu katika daftari, nao ukapotea. Khalafu akaniita ofisini, akanipa chai, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniwekea mbele ukurasa mpya, umeandikwa vizuri, saa ile ile, maneno yale yale, isipokuwa kwamba sisi tumepeleka nambari nne. Kosa ni la Dad Karim, alisikia vibaya. Kilichobaki ni saini yangu tu. Na kabla sijaweka kikombe chini akaniuliza, kwa sauti laini, kama si kweli kuwa nna mama Mombasa ambaye macho yake yanazidi kuingia ukungu.

Dad Karim wakamshika wakamtia ngomeni. Karani wa wali aliyepewa kesi alikuwa safarini nchi ya ndani, tukaambiwa tungoje arudi. Tukangoja wiki saba. Nami wiki zote hizo, dada yangu, nilinyamaza. Sikukubali na sikukataa. Nilikuwa nikipita chini ya ile ngome kwenda kazini na nikitazama miguu yangu. Kila nikitaka kusema, nalimuona Mama anateremka ngazi za meli huku mkono wake unapapasa chuma. Hilo nakuungamia wewe, na nataka ulijue kabla hujanisifu kwa lolote.

Barua yako ikanikuta hapo. Ilifika siku tatu kabla karani hajarudi. Nilipoisoma mara ya tatu nikapumua. Nikasema basi, dada yangu ameniruhusu, mzigo ni wetu wawili. Nikaenda kumwambia Bwana Waya kuwa ntatia saini.

Hakunikataza. Alikaa akalichokorachokora lile kopo lake, khalafu akaniambia kilichobaki cha vita vyake. Wiki ile ile ya medali, mizinga yao ilipiga ikawaangukia askari wao wenyewe. Ofisa alikosea nambari za shabaha, akasema aliyekosea ni mpiga simu, kijana wa mji mmoja na Bwana Waya, jina lake Wili. Wakati huo Wili kesha kufa, kauawa siku ile ile, hana wa kumjibia. Bwana Waya alikuwa juu ya waya ule anaujaribu, na alimsikia ofisa na alimsikia Wili. Wili alizipeleka kama alivyopewa. Wakaja kumuuliza, "Ulisikia lolote?" Na asubuhi ile ile alikuwa kaambiwa jina lake limepelekwa juu kwa medali. Akasema waya ulikuwa mbaya, hakusikia kitu.

"Sikio hili lilikuwa zima siku ile," akaniambia, akaligusa la kushoto.

Aliporudi kwao, mama yake Wili alikuwa akimwamkia barabarani na kumuuliza mkono umepona. Alistahamili miaka miwili, khalafu akaihama nchi, na mpaka leo ni mtu wa kuranda. "Mimi simshauri mtu," akasema. "Mama yako ni mama yako." Akavaa visikilizio vyake akarudi kazini.

Da Zuhura, nilimchukia. Ndiyo, nilimchukia kwa kunambia vile, maana nilikuwa nshapumua.

Siku ya karani ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tulikuwa ofisini kwa Meja, yeye, karani na khanjari yake kiunoni na miwani yake, mimi, na Bwana Waya kwa kuwa ndiye mkubwa wa chumba. Barua yako imo katika mfuko wa kanzu yangu, nilikuwa naisikia inakwaruza kila nikivuta pumzi. Meja akausukuma ule ukurasa kwangu, akanipa kalamu yake mwenyewe, ya wino, nzuri. Akasema, "Hapo chini tu, Suleiman."

Nikaichukua kalamu. Nikaitazama ile nne. Nami sikutoa khutba, usidhani nilisimama nikapiga kifua. Mkono ulifanya uliyoyazoea. Niliikata nne kwa mstari mmoja, mwembamba, bado inasomeka. Juu yake nikaandika tisa. Pembeni nikatia S.K. na saa. Nikauweka ukurasa mbele ya karani.

Meja akasimama akasema nimeuharibu, utaandikwa mwengine. Karani akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Nini hii?" akaniuliza.

Nikamweleza, kwa Kiarabu changu hichi hichi cha Unguja kinachochekesha soko zima. Nikamwambia nambari niliyopewa ni tisa, niliyopeleka ni tisa, niliyorejeshewa ni tisa, na Dad Karim hana kosa hata la nukta. Nikamwambia sisi watu wa simu hatufuti, tunakata, ili kila mtu aone la kwanza na la pili. Hakuna aliyecheka.

"Nani shahidi wako?"

Kalamu bado imo mkononi mwangu. Sikumtazama Bwana Waya, naapa sikumtazama. Meja ndiye aliyemtazama, akamwambia kwa Kiingereza, polepole, kuwa mkataba wake unakwisha mwezi ujao na kampuni ilikuwa na nia ya kumwongezea miaka mitatu. Khalafu akamuuliza, "Wewe ulisikia lolote?"

Maneno yale yale, Da Zuhura. Na huyu Meja hajui kisa cha watu, kayaokota tu. Nilimuona Bwana Waya kabadilika rangi. Akachechemea mpaka mezani, akaitwaa kalamu mkononi mwangu, akatia herufi zake kubwa kubwa pembeni ya zangu, na saa.

"Nilisikia," akasema. "Mwambie karani nilisikia kila kitu."

Nikamfasiria. Karani akaikunja karatasi akaitia kifuani.

Adhuhuri ile ile mimi sina kazi. Bwana Waya akapewa siku nne za kufunga virago. Dad Karim alitolewa, akaja mpaka nilipopanga, akasimama mlangoni, tukaishia kuulizana khabari za joto. Alipoondoka nikagundua kaniachia papa mkavu mzima nyuma ya mlango. Meja yupo, na gari lake lipo, na watu bado wanamwita Meja. Jamaa za Hamed wanasema kesi haijesha, sijui. Sikwambii kuwa dunia imenyooka. Nakwambia mstari upo.

Bwana Waya nilimsindikiza forodhani. Kopo la tumbaku akaniachia, medali kwanza akaitoa akaitia mfukoni. Nilifurahi, maana ingenielemea. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema kwao, pana mwanamke mzee wa kumwona, kama yu hai.

Sasa natengeneza redio, Matrah hapa hapa, katika pembe ya duka la Banyani mmoja. Watu wanaleta redio zao, na wanaojua kuwa mie ndiye yule wa karatasi wanazileta hata nzima. Na hicho kibali cha Mama, ndiyo, barua ya Meja imekwenda na maji. Lakini kila Jumamosi nakwenda mwenyewe mlangoni kwa wali, kanzu nimeipiga pasi, nasimama. Wameshaniambia mara tano nirudi. Nikarudi mara tano. Walinzi wananijua kwa jina, mmoja kashaniuliza kwani sichoki. Nikamwambia achoke yeye.

Mama usimdanganye. Najua ulikuwa unataka kumwambia kibali kimechelewa kwa sababu ya meli. Msomee barua hii yote, na pale niliponyamaza wiki saba usiparuke. Angekuja kwa saini ile, siku ya kwanza tu angenipapasa uso akaniuliza amefikaje, na ningemjibu nini? Mwambie nataka anione kwa macho yake, na nataka nami niweze kumwangalia.

Nisalimie Shemeji, mwambie ile redio yake asiifungue na kisu cha jikoni, aningoje. Nisalimie Shangazi wa ghorofa ya chini aliyewapa chumba, Mungu amlipe, na mpwa wangu Salma, na yule jirani yako mshonaji wa kofia anayenidai jibu toka mwaka juzi. Mama mbusie mikono yote miwili.

Katika bahasha hii utaikuta na barua yako mwenyewe. Usikasirike, sijaichana. Pale ulipoandika "Nani atajua?" nimepakata kwa mstari mmoja, bado panasomeka. Juu yake nimeandika "Mimi na Mama." Pembeni nimetia S.K. na saa, na baada ya S.K. nimeacha nafasi. Isome tena, na kama moyo wako umekubali, tia herufi zako hapo, unirejeshee.

Nduguyo,
Suleiman